Mlima wa Kwenye Kalenda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kifutio alichota ndoo sita za maji bombani, akazimwaga kwenye shimo la udongo, akavua viatu na kuingia humo pamoja na mama yake. Walikanyaga, wakakanyaga, mpaka udongo ukalainika na kunata vizuri. Mama yake alikuwa mfyatua matofali. Aliujaza udongo kwenye kalibu, akaugonga kwa kiganja, akaigeuza kalibu chini, na tofali likatoka laini kabisa. Kufikia saa moja kasoro robo, Kifutio alikuwa ameshapanga matofali arobaini juani. Ndipo alipokimbia kunawa miguu, ingawa udongo ule haukuwa na adabu hata kidogo. Ulijificha kwenye kucha ukaenda naye mpaka darasani.

Jina hilo la Kifutio alipewa na wenzake wa darasa la sita. Msichana huyu alichora kuliko wote, lakini hakuridhika na kitu. Atachora mkono, ataufuta. Atauchora tena, ataufuta tena, mpaka karatasi inatoboka na mwalimu anaona dawati kupitia tundu.

Siku hizi hata kuchora kwenyewe kulimchosha. Hasira zake zote alizimalizia kwa mama yake.

"Kwetu hakuna cha kuchora, mama! Nikisimama mlangoni naona shimo. Nyuma ya shimo kuna tanuri. Nyuma ya tanuri kuna shimo jingine. Nchi gani hii imelala chini tambarare kama mkeka?"

"Chora shimo basi," mama alimjibu bila kuinua kichwa. "Na ukimaliza kulichora uingie, udongo umekauka."

Kama ni hilo tu, lingepita. Lakini Jumatatu moja Mwalimu wa Sanaa aliingia darasani na barua mkononi, uso umemng'aa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika hadi uwanjani.

"Wilaya nzima imetangaza mashindano," alisema. "Mchoro mmoja tu utachaguliwa, uchapwe kwenye majalada ya madaftari ya shule zote. Madaftari elfu thelathini! Na chini yake jina la mchoraji. Mada ni Sura ya Nchi Yetu. Sitaki upuuzi. Nataka mtu akitazama jalada, aseme, naam, hii ndiyo nchi yangu."

Kila mtoto alijua maana yake. Nchi yao ilikuwa na mlima mmoja mkubwa ajabu, mbali sana, upande wa pili kabisa. Mlima huo ulikuwa kwenye sarafu, umebanwa mdogo kama punje. Ulikuwa kwenye stempu. Waliuimba kila Ijumaa wakipandisha bendera. Ila katika darasa lile, na katika mji ule wa matofali, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuuona kwa macho yake.

Sasa Kifutio angeuchoraje? Jibu lilikuwa ukutani kwao. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aligawa kalenda bure kila mwaka kwa yeyote aliyenunua hata msumari mmoja, na katika wilaya ile nani hakununua msumari kwake? Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa nayo. Juu ya tarehe kulikuwa na picha kubwa ya mlima wenye vilele viwili vyeupe, ziwa la buluu, miti iliyochongoka kama penseli, na kijumba chekundu chenye paa lililosimama wima. Chini yake maandishi makubwa: NCHI YETU NZURI.

Kifutio aliweka karatasi juu ya ile picha, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, na jua likampitishia kila mstari. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakufuta kitu.

Mwalimu alipouona mchoro alishika mdomo. "Lo! Mwanangu, umeuchora kama mtu aliyesimama pale pale. Umewahi kufika?"

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Angesema tu, hapana Mwalimu, nimenakili. Maneno matatu! Lakini Kiberiti, mwenzake wa dawati moja, kijana wa maneno mengi na hasira za haraka, alikuwa amemkodolea macho akisubiri kucheka.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Kifutio. "Mjomba wangu ni dereva wa lori. Alinichukua wakati wa likizo."

Tangu siku hiyo hakupata amani. Uongo una njaa. Kila siku ulitaka alishe tena. Kiberiti aliuliza kulikuwa na baridi kiasi gani. Kifutio akasema meno yaligongana mpaka akashindwa kula. Akaulizwa ziwa lina samaki? Akasema wapo, wakubwa. Mwalimu Mkuu akamsimamisha mbele ya shule nzima asimulie safari yake, naye akasimulia, akitia chumvi hapa na pale. Wadogo wa darasa la kwanza walimpigia makofi. Usiku alijifunika shuka gubigubi akijilaumu.

Na mchoro ukashinda. Ukashinda shule, ukashinda kata, ukashinda wilaya nzima.

Ijumaa hiyo Mwalimu wa Sanaa alimchukua waende kwa mpiga chapa, wakahakikishe rangi kabla mashine haijawashwa. Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya wino, marobota ya karatasi yamepangwa mpaka kwenye dari. Mpiga chapa alikuwa mtu mnene mwenye aproni nyeusi na ulimi mkali. Hata salamu alizijibu kama anayekatwa.

"Marahaba. Leteni. Sina siku nzima."

Mwalimu alimkabidhi mchoro. Papo hapo simu yake ikalia. Alikuwa Mwalimu Mkuu, anataka kujua wageni wangapi waalikwe kwenye sherehe, basi Mwalimu akatoka nje barazani kuongea.

Mpiga chapa aliutazama mchoro. Akausogeza mbali, akausogeza karibu. Mara akaanza kucheka, tumbo likimtikisika ndani ya aproni.

"Binti, mlima huu uliuona wewe?"

"Ndiyo," alisema Kifutio. Siku hizo neno hilo lilimtoka bila hata kuitwa.

"Kwa macho yako?"

"Kwa lori la mjomba."

"Ala! Basi lori la mjomba wako linaelea majini."

Aliburuta kitabu kikubwa kutoka kwenye rafu, akapuliza vumbi, akafungua. Kilikuwa kitabu cha sampuli, kimejaa picha ambazo mteja huchagua za kuchapiwa. Na hiyo hapo! Vilele viwili, ziwa, miti iliyochongoka, kijumba chekundu. Pembeni, kwa herufi ndogo, paliandikwa mahali picha ilipopigwa. Ilikuwa nchi nyingine kabisa, ng'ambo ya bahari, nchi ambayo Kifutio aliijua kwenye ramani tu.

"Kalenda ya dukani naichapa mimi," alisema mpiga chapa, sasa hacheki. "Paa la hiyo nyumba limesimama hivyo ili theluji iteleze ianguke. Hapa kwetu umeshaona theluji inaanguka kwenye paa la mtu?"

Kifutio alitamani sakafu ipasuke immeze na viatu vyake.

"Sikusemei," mpiga chapa alisema, akarudi kwenye meza yake ya kukatia karatasi. "Mimi nimelipwa nichape. Mashine naiwasha saa nane. Saa hizi ni saa sita na nusu. Ukiwa na neno, sema kabla sijawasha, maana nikishawasha sizimi."

Jamani, saa moja na nusu inaweza kuwa ndefu! Kifutio alikaa juu ya robota la karatasi. Kupitia dirishani alimwona mwalimu wake akicheka kwenye simu, akihesabu wageni kwa vidole. Nani angejua? Miaka yote hiyo hakuna aliyejua. Angenyamaza tu, na jina lake lingesomwa na watoto elfu thelathini. Alilitaka jambo hilo mpaka lilimuuma kifuani. Lakini kila alipojiona amelishika daftari lile, alijiona pia akiulizwa habari za baridi na samaki, mwaka huu, mwakani, na mwaka wa baada yake. Na wale wadogo wa darasa la kwanza wangekua wakiamini kwamba kwao ni pale, kwenye kijumba cha watu wa ng'ambo. Alichoka. Alichoka hasa, kuliko alivyowahi kuchoka na udongo.

Mwalimu aliporudi ndani, Kifutio alisimama.

"Mwalimu, usiwaalike wageni."

"Kwa nini tena?"

"Sijawahi kuuona mlima. Mjomba anabeba saruji, hajawahi kunipandisha lori lake hata siku moja. Nilinakili kwenye kalenda dirishani. Na huo mlima wenyewe si wetu." Akakionyesha kile kitabu kwa kidole, kisha akalia.

Mwalimu alisoma maandishi yale madogo mara mbili. Kisha akavuta kiti, akakaa kwa kishindo.

"Umenisimamisha mbele ya wilaya nzima na uongo," alisema taratibu, na utaratibu wake ule ulitisha kuliko kelele. "Nimekutetea mbele ya waamuzi. Nimekusifu! Kumbe najipaka matope mwenyewe."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nyamaza kwanza." Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha nene. "Michoro ishirini ya mwisho ninayo hapa, waamuzi walinikabidhi niitunze. Atachukua mshindi wa pili, tumalize aibu hii."

Akautoa mchoro wa mshindi wa pili, kutoka shule ya mbali ambayo Kifutio hakuijua. Mwalimu akautazama, mdomo ukabaki wazi. Vilele viwili. Ziwa. Kijumba chenye paa lililosimama. Akatoa wa tatu: vilele viwili. Wa nne, wa tano, wa sita, paa lile lile, limesimama vile vile. Walipomaliza kuitandaza sakafuni, kumi na saba kati ya ishirini ilikuwa na mlima wa ng'ambo. Mitatu iliyobaki ilikuwa na bendera tu.

"Niliiona yote imefanana nikafurahi," Mwalimu alinong'ona. "Nilisema mlima si ni mmoja! Nilisema watoto hawa wanaijua nchi yao."

Halafu hasira zikapata pa kwenda. Alimgeukia mpiga chapa. "Na wewe bwana! Unaandika NCHI YETU NZURI chini ya mlima wa watu?"

"Mwenye duka aliniambia nimtafutie picha ya mlima wetu!" mpiga chapa alifoka. "Nikauliza mji mzima nani ana picha, hakuna. Kalenda ilitakiwa kesho yake. Nikaweka hiyo, nikasema watu watalalamika, mwaka ujao nitarekebisha. Hakuna aliyelalamika! Miaka sita! Mwaka wa pili mwenye duka akaja akaniambia weka ile ile, wameipenda. Wewe mwenyewe Mwalimu, huna kalenda hiyo nyumbani?"

Mwalimu alikuwa nayo, sebuleni.

"Umewahi kuuona mlima wenyewe?" mpiga chapa aliuliza.

"Sijawahi. Wewe je?"

"Wapi! Nauona kwenye sarafu tu."

Wote watatu walisimama wameizunguka ile michoro kumi na saba. Saa nane ilifika ikapita. Mpiga chapa hakuiwasha mashine.

Wilaya ilikubali mashindano yarudiwe, lakini kwa sharti jipya alilolitunga Mwalimu wa Sanaa: kila mtoto asimame mahali anapoishi au alipowahi kuishi, achore kile anachokiona, na nyuma ya karatasi aandike amesimama wapi. Mwalimu Mkuu naye akaweka sharti la kwake. Kifutio haruhusiwi kushindana. Tena atasimama mbele ya shule, pale pale aliposimulia safari yake, aseme ukweli.

Alisimama, akasema. Kiberiti alicheka mpaka akashika mbavu. Darasa la kwanza hawakucheka. Walimtazama tu, na hilo likamuuma zaidi.

Nyumbani, mama yake alikuwa amekwisha kuzipata habari. "Mjomba wako kanipigia simu," alisema, akigonga udongo kwenye kalibu kwa nguvu isiyo ya kawaida. "Ananiuliza ni lini alikupeleka mlimani, maana hata yeye mwenyewe hajui njia."

Kifutio aliingia shimoni akaanza kukanyaga. Siku mbili alinuna. Siku ya tatu akachukua karatasi, akapanda juu ya rundo la matofali makavu. Mashindano hayakumhusu tena, ila aliona amekabwa, na asipochora atapasuka. Akachora. Ikawa mbaya. Lile shimo lilionekana kama sahani. Mlima una kilele, jicho linapata pa kushika; tambarare jicho linateleza tu, halijui likae wapi. Akachana karatasi ya kwanza, ya pili, ya tano.

"Ni pabaya, mama! Ndiyo maana hakuna anayepachora!"

Mama alijinyoosha mgongo, mikono kiunoni. "Pabaya? Shule unayosoma imetoka kwenye lile shimo la kushoto. Zahanati ulimozaliwa imetoka kwenye hili la katikati, nilifyatua matofali yake nikiwa na mimba yako. Watu wanapita kila siku wanasema hapa pana mashimo matupu. Mimi nikitazama naona udongo wake ulikokwenda." Kisha akainama tena. "Chora unavyotaka. Ila usikae juu ya hayo, bado hayajakauka."

Kifutio alikaa pengine. Alitazama shimo la kushoto kwa muda mrefu, lile lililoondoka likawa madarasa. Ukingo wake haukuwa mstari mmoja kama alivyokuwa akiuchora. Ulikuwa na ngazi ngazi, alama za majembe, ngazi moja baada ya nyingine, miaka na miaka ya watu kushuka. Mchoro wa nane haukuwa mzuri sana, lakini hakuuchana.

Wiki sita baadaye, likizo ikiwa imekwisha, madaftari yalifika. Mwalimu wa Sanaa alikata kamba ya robota, akagawa. Darasa zima likaguna.

"Mwalimu, mbona huu si mlima?" Kiberiti alisema akigeuza daftari juu chini. "Ni shamba la viazi! Kilele kiko wapi?"

Kwa kweli jalada zima lilikuwa mteremko wa matuta ya viazi, unapanda na kupanda mpaka unajaza karatasi. Juu kabisa kulikuwa na utepe mwembamba wa wingu. Kulikuwa na kijia, mwanamke ameinama, na kuku mmoja. Chini, jina la mtoto, wa shule ambayo hakuna aliyeisikia.

"Mtoto huyu alihamia wilaya yetu mwaka huu kutoka upande wa pili wa nchi," Mwalimu alisema. "Likizo alirudi kwa bibi yake, ndiko alikochorea. Kifutio, njoo mbele. Soma alichoandika nyuma."

Kifutio alikwenda, miguu mizito. Mwalimu alimpa karatasi yenyewe ya mchoro. Akaigeuza, akasoma kwa sauti:

"Nimesimama mlangoni kwa bibi. Mbele yangu ni mlima. Kilele hatukioni kwa sababu tunakaa chini yake sana. Ukitaka kukiona, panda basi uende mbali."

Kifutio aliutazama ule mteremko. Alitafuta theluji, hakuna. Alitafuta ziwa, hakuna. Palikuwa na viazi, na mtu anayevilima, na ardhi kubwa inayopanda mbele ya mlango wa mtu kila anapoamka.

"Haya, Kifutio," Kiberiti alichokoza, "ndivyo ulivyouona ulipokwenda na lori?"

Wachache walicheka. Zamani angetafuta jibu la kujiokoa.

"Sijawahi kwenda," alisema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona."

Kicheko kikakatika. Hata Kiberiti aliliangalia daftari lake upya.

Mwalimu wa Sanaa alikaa pembeni ya meza, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. "Nisikilizeni, maana kosa hili ni letu sote, na mimi nimo," alisema. "Nilitaka nchi nzuri, na nanyi mkanipa. Tukaipenda kwa miaka sita nchi isiyo yetu, tukiacha yetu mlangoni. Mtu anayejivunia picha ya kuazima, siku mto wake ukijaa taka au shamba lake likimomonyoka, hataona kilichoharibika, kwa sababu hakuwahi kupatazama. Mwenzenu alidanganya akapoteza jina lake kwenye jalada, na amestahili. Lakini asingesema ukweli pale kiwandani, leo hii mngekuwa mmeshika uongo elfu thelathini. Basi ukisema umeona, uwe umeona. Na ukitaka kuijua nchi yako, anza kutazama pale ulipo, kisha waulize walioko kwingine wao wanaona nini."

Kifutio alirudi kwenye dawati. Kinyongo kilikuwa bado kipo, tusidanganyane. Kila mara jicho lilimtoka likaenda kwenye lile jina lililochapwa, ambalo halikuwa lake. Kiberiti akamsogezea daftari, akamnong'oneza, kidole chake juu ya yale matuta.

"Unadhani kutoka kwao hadi kwenye kilele ni mbali?"

"Sijui," Kifutio alisema. "Tumwandikie tumuulize."